Injini ikizima angani: mwongozo kwa rubani mpya wa ndege ndogo, Mombasa

Wanaojifunza urubani hapa pwani huniuliza maswali yale yale matatu, na wiki hii nimeulizwa tena na kijana ambaye ndiyo kwanza amepata leseni. Injini ikizima, ndege si itadondoka kama nazi? Ikizima nikiwa nimetoka tu kuruka, nigeuze nirudi uwanjani? Na ikizima nikiwa njiani kwenda Malindi, nitue baharini au nchi kavu? Naandika majibu hatua kwa hatua ili uyasome ukiwa chini, kichwa kimetulia.

Nazungumzia ndege ya injini moja ya pistoni, ya viti vinne: Cessna 172, Piper Cherokee na jamaa zake. Tarakimu nyingi hapa ni za Cessna 172 yenye kabureta, kwa kuwa ndiyo wengi wetu tumejifunzia. Kama unarusha ndege nyingine, fungua kitabu chake uandike tarakimu zake. Kitabu cha ndege kikipingana nami, fuata kitabu. Wala usijaribu zoezi lolote la hapa bila mwalimu kwenye kiti cha kulia.

Swali la kwanza nalijibu sasa hivi, maana hofu yake ndiyo inayowaharibia watu mambo mengine yote. Ndege haidondoki. Injini ikizima, ndege inateleza kama mwewe aliyetandaza mbawa. Kwa kila futi 1,000 juu ya ardhi, 172 husonga mbele takriban maili 1.5 za baharini pasipo upepo, karibu kilomita 2.8, na huchukua kama dakika moja na robo kufika chini. Ukiwa futi 3,000 unazo karibu dakika nne. Hesabu hiyo inasimama ukishika mwendo wa kutelezea tu, ambao kwa 172 ni knoti 65 hadi 68 kutegemea toleo. Ukivuta pua juu ukidhani unaongeza masafa, mwendo unapungua, bawa linakosa hewa ya kulibeba, na hapo ndipo ndege inadondoka kweli. Hali hiyo tunaiita stoli. Mara nyingi katika ajali zinazoua, injini huanza balaa na stoli ndiyo humaliza.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujawasha

- Mwendo wa kutelezea wa ndege yako, ukiujua kwa moyo kama jina la mamako. Si wa kutafuta kitabuni injini ikiwa imeshanyamaza.
- Orodha ya dharura mahali mkono unapofika bila kufungua mkanda.
- Kikombe cha kuchotea sampuli ya mafuta na kijiti cha kupimia matangi.
- Jaketi ya kuokolea maisha kwa kila mtu, ikiwa *imevaliwa*. Iliyofungwa kwenye mfuko nyuma ya kiti haina faida.
- Jedwali la kupwa na kujaa kwa maji la siku hiyo. Wengi hushangaa nikilitaja. Nitaeleza kwenye hatua ya 7.
- Simu yenye chaji ndani ya mfuko usioingia maji, na kisu kidogo cha kukatia mkanda.

Hatua ya 1: Chota mafuta, yaangalie kwa macho yako

Hewa ya Mombasa ina unyevu mwingi mwaka mzima. Tangi likilala nusu, sehemu ya juu imejaa hewa. Usiku ikipoa, maji yanatoka kwenye kuta za ndani kama jasho la chupa ya soda na kutiririka hadi chini. Wakati wa masika ni zaidi, kwa sababu kifuniko chenye mpira uliochakaa hupitisha mvua moja kwa moja.

Asubuhi moja ya mwezi wa Mei nilikagua ndege iliyokuwa imekaa nje wiki nzima ya mvua. Nilichota kikombe cha kwanza nikakiinua juani. Mafuta yalikuwa ya samawati safi, na chini kabisa palikuwa na tone kubwa kama punje ya kunde, linaviringika kila nikiinamisha kikombe. Nikachota tena, tone lipo. Nikaitikisa ndege kwenye ncha za mabawa, nikasubiri dakika kumi, nikachota, nikapata tone kubwa kuliko la kwanza. Hatukuruka siku ile. Fundi alipomaliza kumwaga na kubadilisha mpira wa kifuniko ilikuwa alasiri, na abiria wangu alikuwa amenuna, lakini tone lile lingefika kwenye kabureta tukiwa juu ya mapaa ya watu.

Kwa hiyo: chota kwenye kila tundu la kutolea, pamoja na la chujio la injini, kabla ya safari ya kwanza ya siku na kila baada ya kujaza. Mafuta sahihi ya injini hizi, 100LL, ni ya samawati. Maji hayana rangi, nayo ni mazito, hivyo hukaa chini.

*Kosa la kwanza:* kikombe kizima kinajaa maji, rubani haoni mstari wowote wa kutenganisha, anasema "safi" na kuondoka. Weka karatasi nyeupe nyuma ya kikombe. Usipoona samawati, simama hapo hapo.

*Kosa la pili:* kuacha ndege ijazwe wewe ukiwa unakunywa chai. Mafuta ya ndege za jeti, Jet A-1, ni jamii ya mafuta ya taa. Yakiingia kwenye tangi lako, injini itawaka vizuri tu kwa mafuta mazuri yaliyobaki kwenye mabomba, utaendesha hadi kwenye njia ya kurukia, utaruka, na ukiwa futi mia chache itaanza kugonga na kuishiwa nguvu. Simama pale, soma maandishi ya kwenye bauza (lori la mafuta), soma risiti. Ukiwa na shaka, dondosha tone kwenye karatasi nyeupe: 100LL hukauka na kupotea, Jet A-1 huacha doa la mafuta.

Hatua ya 2: Pima kiasi kwa kijiti

Mishale ya kuonyesha mafuta kwenye ndege hizi usiiamini. Panda, fungua kifuniko, chovya kijiti. 172 hunywa kama lita 30 hadi 35 kwa saa. Kiwango cha kimataifa kwa safari ya kuona kwa macho ni akiba ya dakika 30 mchana na 45 usiku. Mimi sishuki chini ya saa nzima, kwa sababu mvua ya pwani huweza kuufunga uwanja wa Moi na wa Ukunda kwa pamoja, nawe ukaambiwa uzunguke huku unasubiri.

Angalia vipimo pia. Bauza inahesabu lita, kitabu cha Cessna kinaandika galoni za Marekani, na galoni moja ni lita 3.785. Mwaka 1983 Boeing 767 ya Air Canada iliishiwa mafuta hewani kwa sababu uzito wa mafuta ulikokotolewa kwa paundi badala ya kilo. Marubani wake waliiteremsha Gimli, Kanada, bila injini hata moja, na abiria wakatoka hai. Kama wale walichanganyikiwa, wewe na mimi tuandike hesabu yetu kwenye karatasi.

Wenye Piper: swichi yenu ya matangi haina nafasi ya "yote mawili". Badilisha tangi kila nusu saa kwa kufuata saa ya mkononi. Injini imewahi kuzimia wengi huku tangi la pili limejaa pomoni.

Hatua ya 3: Amua kabla ya kuruka, na useme kwa sauti

Hapa ndipo swali la pili linapojibiwa, kabla hata propela haijazunguka.

Njia kuu ya uwanja wa Moi inaitwa 03/21 na ina urefu wa mita 3,350. Wakati wa kusi, kuanzia Aprili hadi Septemba hivi, upepo hutoka kusini, kwa hiyo mara nyingi utaruka kwa 21, na mbele yako kutakuwa na hori la Port Reitz na mikoko yake. Wakati wa kaskazi, Desemba hadi Machi, utaruka kwa 03 ukielekea kwenye nyumba za upande wa Mikindani na Jomvu. Ni uwanja mmoja, lakini jibu la "nitaenda wapi injini ikizima" linageuka na msimu.

Anzia mwanzo kabisa wa njia. Ukiombwa uingie katikati ili uondoke upesi, kataa kwa adabu. 172 huinuka baada ya mita mia chache tu, kwa hiyo ukianzia mwanzo, hata ukifika futi 300 bado unayo lami ya kutosha mbele yako. Unapokea zawadi ambayo marubani wengi wa viwanja vifupi hawaijui. Usiitupe kwa kuokoa dakika mbili.

Kabla sijasukuma mkono wa nguvu, nasema hivi kwa sauti, hata nikiwa peke yangu:

"Injini ikizima nikiwa chini, narudisha nguvu nyuma, nakanyaga breki. Ikizima nimeinuka na njia ipo mbele, natua mbele. Ikizima njia imekwisha, nashusha pua, knoti 65, nakwenda mbele kushoto, kwenye maji ya hori. Chini ya futi 1,000 sirudi nyuma."

Hatua ya 4: Ikizima chini ya futi 1,000

1. Shusha pua *mara moja*. Unapopaa, pua iko juu. Nguvu ikikatika, mwendo unakwisha ndani ya sekunde chache. Mikono itaganda, ni hali ya binadamu yeyote. Ndiyo maana ulisema kwa sauti.
2. Shika mwendo wa kutelezea.
3. Chagua mahali mbele yako, ndani ya nyuzi 30 kushoto au kulia. Chukua palipo na afadhali, palipo pazuri sana hutapapata.
4. Ukibaki na sekunde za ziada, funga mafuta, magneto (mitambo miwili inayotoa cheche za injini) na swichi kuu ya umeme, fungua mlango kidogo.
5. Irushe hadi isimame.

Kwa nini usirudi? Kwanza, kurudi si kugeuka nyuzi 180. Ukigeuka nusu duara unajikuta kando ya njia, na lazima ugeuke zaidi ili uipate, jumla ikipita nyuzi 200. Pili, ukiinamisha ndege nyuzi 45, mwendo wa stoli unapanda kwa karibu moja ya tano, wakati mwendo wako tayari ni mdogo. Tatu, kusi uliyoruka ukiikabili sasa inakusukuma kutoka nyuma, ardhi inaonekana kukimbia, macho yanakudanganya kwamba una kasi, mkono unavuta pua. Ndege inazama upande mmoja. Kutoka hapo futi 400 hazitoshi.

Najua mvuto wa kurudi. Uwanja uko nyuma, lami, wazima moto, watu unaowajua. Mbele ni maji ya matope. Lakini anayegusa maji akiwa sawa, kwa mwendo mdogo, ana nafasi kubwa ya kutoka hai kuliko anayegonga ardhi bawa likiwa chini.

Hatua ya 5: Ukiwa juu zaidi, kumbuka M nne

Wanafunzi wangu nawafundisha kwa mpangilio huu: *mwendo, mahali, mikono, mdomo*. Usiupindue. Kosa ninaloliona zaidi ni rubani kuanza na mdomo: anakamata redio, anaeleza, anajibu maswali, na mwendo unapotea huku anaongea.

Hatua ya 6: Mwendo

Ubadilishe mwendo wa ziada kuwa kimo: acha pua ibaki pale ilipo hadi mwendo ushuke kwenye 65, kisha ishushe na urekebishe trimu (kidhibiti cha kushikilia pua bila mkono) ili ndege ijishikilie yenyewe. Kuanzia hapa mikono yako iko huru. Propela itaendelea kuzunguka kwa upepo, usidhani injini iko hai. Ikisimama kabisa, utaona bapa lake limesimama mbele ya kioo, na kimya chake kinatisha. Hakibadilishi kitu. Bado ni 65.

Hatua ya 7: Mahali

Tafuta upepo kwanza: moshi, makuti ya minazi yanavyolala, tanga la ngalawa, mistari ya povu baharini. Kisha chagua mahali palipo karibu zaidi na ulipo. Tazama chini ya bawa lako na nyuma, wengi hutazama mbele tu wakapita juu ya kiwanja kizuri.

Kwa pwani yetu, huu ndio mpangilio wangu:

Viwanja vidogo. Kati ya Mombasa na Malindi vipo vya Vipingo na Kilifi, na kusini kuna Ukunda. Vichore kwenye ramani yako kabla ya safari, na kila dakika kumi jiulize: kutoka hapa nafika kipi?

Mashamba ya mkonge ya upande wa Vipingo. Mimea iko kwenye safu. Tua *kwa kufuata* safu, kamwe usizikate. Ndege itaharibika lakini huna mnazi wa kuugonga.

Ufuo. Hapa ndipo jedwali la maji linapoingia. Bamvua ikiwa kubwa, tofauti ya kupwa na kujaa Mombasa hupita mita 3. Maji yakipwa, unapata ufuo mpana, mchanga uliolowa na mgumu karibu na maji. Maji yakijaa, ufuo ule ule hauna hata mita tano, mawimbi yanapiga kuta za hoteli. Rubani aliyesoma jedwali asubuhi hahitaji kushuka futi 1,500 ili agundue kwamba ufuo aliokuwa anautegemea haupo. Tua kwenye mchanga uliolowa. Ule mkavu wa juu humeza gurudumu la mbele na kuipindua ndege. Na kama ni Jumapili au sikukuu, ufuo wa Bamburi umejaa watoto, basi ufuo huo si wako. Nenda majini. Kwa hili sina mjadala na mtu.

Epuka barabara kuu ya Malindi. Kutoka juu inaonekana kama njia ya ndege, lakini ina nyaya zinazoikatiza usizoziona mpaka umezifikia, matatu, bodaboda na matuta. Epuka minazi. Na matope ya hori wakati maji yamekupwa ni mabaya kuliko maji yenyewe, kwa sababu magurudumu huzama papo hapo.

Hatua ya 8: Mikono

Ukishalenga mahali, sasa tafuta sababu. Anza sakafuni panda juu, ili usiruke kitu:

1. Swichi ya matangi: "yote mawili", au badilisha tangi kama ni Piper.
2. Pampu ya umeme ya mafuta, kama ndege inayo: washa.
3. Kifundo chekundu cha mchanganyiko wa petroli na hewa: sukuma ndani kabisa.
4. Joto la kabureta, yaani kifundo cha kuipelekea hewa ya moto: vuta kabisa.
5. Magneto: "zote mbili". Kama propela imesimama, jaribu kuwasha.
6. Kifundo cha praima (pampu ndogo ya mkono ya kuwashia injini): kimesukumwa na kufungwa.

Raundi moja, kwa utulivu, halafu ya pili kama una kimo. Baada ya hapo acha. Ukifika futi 1,000 juu ya ardhi, injini si kazi yako tena, kutua ndiyo kazi.

Hatua ya 9: Mdomo

Ongea kwenye masafa ya redio uliyopo, wanakusikia tayari. Kama huna unayeongea naye, masafa ya dharura, 121.5. Sema *Mayday* mara tatu, jina la ndege, "injini imezima", ulipo, kimo, unakoelekea, na idadi ya watu. Taja mahali ambapo mvuvi pia angepajua: "kaskazini ya Mtwapa, ndani ya mwamba". Weka transponda (chombo kinachoitambulisha ndege kwenye rada) kwenye 7700, namba ya dharura. Ukiulizwa swali wakati unalenga kiwanja, nyamaza. Hakuna wa kukulaumu.

Hatua ya 10: Abiria

Sekunde ishirini tu: mikanda ivutwe hadi iume, miwani na kalamu zitoke, begi la mapajani liende sakafuni, kichwa kiinamishwe nitakaposema. Ongea taratibu. Mama aliyempakata mtoto ataisoma sauti yako kabla ya maneno.

Hatua ya 11: Kutua nchi kavu

Fika juu zaidi kidogo kuliko unavyodhani unahitaji, kisha punguza kwa flapu, vile vipande vya nyuma ya mabawa vinavyoshushwa. Flapu zikishuka mapema hazirudishi kimo. Lenga theluthi ya kwanza ya kiwanja, ukizidisha una pa kupungukia. Ukiwa na uhakika wa kufika: kifundo chekundu nje, swichi ya matangi imefungwa, magneto zimezimwa, flapu zote, kisha swichi kuu izimwe (flapu ni za umeme, ndiyo maana hii ni ya mwisho). Milango ifunguliwe kidogo ili fremu ikipinda isiwafungie ndani. Gusa ardhi kwa mwendo mdogo kabisa ambao ndege bado inatii, mkia ukiwa chini kidogo. Kama miti haiepukiki, elekeza pua katikati ya miwili, mabawa yachukue pigo.

Hatua ya 12: Kutua majini

Tua ndani ya mwamba, kati yake na ufuo. Huko maji yametulia, hayana kina kirefu, na wavuvi wenye mitumbwi watakufikia kabla ya mtu yeyote. Upepo ukiwa mdogo, tua sambamba na mistari ya mawimbi; ukiwa mkali sana, uukabili. Kwa 172 isiyo na nguvu, flapu nyuzi 10 na knoti 60. Maji yaliyotulia kama kioo hudanganya kimo, kwa hiyo tumia ufuo kama kipimo. Milango wazi kabla ya kugusa.

Magurudumu yakishika maji, ndege huweza kupinduka. Shika kitu kisichosogea kwa mkono mmoja, fremu ya mlango kwa mfano, usikiache. Subiri ndege isimame, *kisha* fungua mkanda kwa mkono wa pili, ufuate mkono wa kwanza mpaka nje.

*Onyo kubwa kuliko yote hapa:* jaketi ijazwe upepo ukiwa *nje* tu. Ukiijaza ndani, maji yakiingia itakubandika kwenye dari na hutaweza kuzama ili upite mlangoni. Waambie abiria kabla ya kuruka, na waambie tena njiani.

Hatua ya 13: Baada ya kusimama

Tokeni, mwende upande upepo unakotoka, mbali na harufu ya mafuta. Hesabu watu. Washa redio ya dharura ya ndege kwa mkono kama haikujiwasha. Watakaofika kwanza ni vijana wa kijiji; waombe kwa upole wasivute sigara karibu na wasibebe kitu. Mabaki yasiguswe hadi wachunguzi wa ajali za ndege wa serikali, AAID, watoe ruhusa, isipokuwa kwa kumtoa mtu.

Injini haijazima kabisa, inasumbua: angalia hapa

*Mizunguko ya injini kwa dakika inashuka polepole, kisha injini inatetemeka.* Barafu kwenye kabureta. Najua joto la Mombasa, lakini petroli ikigeuka mvuke ndani ya kabureta hupoza hewa kwa nyuzi 20 na zaidi, na unyevu wetu unafanya mengine. Hutokea hasa ukishuka kwa nguvu kidogo. Mwezi wa Julai, nikishuka kuelekea Ukunda chini ya mawingu, nilipoteza mizunguko 150 bila kugusa kitu. Nilivuta joto la kabureta na injini ikazidi kukohoa, ikatikisa dashibodi nzima kwa karibu nusu dakika, kisha ikapanda na kutulia. Kukohoa kule ni barafu iliyoyeyuka ikipita. Wanaoogopa wakasukuma kifundo kirudi ndio wanaozimikiwa. Kivute kabisa, kiache.

*Inakohoa ghafla baada ya kugeuka kwa kona kali.* Mafuta kidogo yamesogea mbali na bomba, au kuna maji. Nyoosha mabawa, badilisha tangi.

*Inatetemeka na nguvu ipo nusu.* Jaribu magneto moja moja, ukiwa na kimo tu. Ikitulia kwa moja, baki na hiyo.

*Shinikizo la oili linashuka na joto lake linapanda.* Hiyo injini itakufa. Geukia kiwanja cha karibu sasa, usingoje uhakika.

*Nguvu imepungua lakini bado unaweza kushikilia kimo.* Hapa ndipo watu hujidanganya wakasema "tutafika tu". Ihesabu kama imeshazima: nenda juu ya kiwanja kilicho karibu, zunguka hapo ukishuka, usivuke maji wala mji kwa kuitegemea.

Mazoezi

Kila mwezi mara moja, panda na mwalimu hadi futi 3,000, rudisha nguvu nyuma, hesabu hadi nne bila kufanya chochote (huo ndio muda wa kuganda), kisha geuka nyuzi 210 kwa mwendo wa kutelezea. Soma kimo ulichopoteza, ongeza nusu yake, andika jibu, yaani kimo ambacho geuko la kurudi linakula, kwa kalamu kwenye kadi yako ya kabla ya kuruka. Rudia ndege ikiwa na watu wanne, na rudia tena mwezi wa Februari, mchana wa joto kali. Utaona tarakimu zimeachana.